Utani wangu wa kahawa ya kutafuna ulivyomvua jina bingwa wa kuogelea wa Bukoba

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa shikamooni, ingawa kwa umri wangu nadhani humu wa kuamkiwa na mimi ni wachache.

Haya ninayoandika yalitokea. Pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki, na pale nilipofanya ujinga sitajificha nyuma ya mtu.

Nimesukumwa na ule uzi wa juzi mliokuwa mnabishana kuhusu bingwa wa kuogelea wa huko nje anayedaiwa kutumia dawa. Nimesoma kurasa zote, miwani ikiwa puani na chai ikipoa. Karibu wote mlishamhukumu. Mmoja akaandika kwamba medali zake zote zirudishwe, hata za utotoni.

Mkuu, hiyo ya "hata za utotoni" ndiyo iliyoniondolea usingizi wa mchana. Na mimi usingizi wa mchana siuchezei.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mzee wa Kashai, Bukoba. Elimu yangu ni form four ya enzi zile, ambayo nyie vijana mnatuambia ni sawa na degree ya leo, na sisi Wahaya hatujawahi kukataa sifa. Najua mnatuita nshomile, wasomi wa kujisifu. Sawa tu.

Maisha yangu yote nimekaa hapa. Kuna watu huzaliwa na miguu ya safari, mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Nikifika Kemondo tu hapo jirani naanza kuuliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Hili mlikumbuke, maana kisa chote kimesimama hapo.

Account hii alinifungulia mjukuu. Akaniambia, babu, humo ukidanganya wanakushukia kama mwewe. Nikamwambia basi humo ndimo ninamotaka.

Twende kazi.

Nilikuwa na rafiki, jina lake Evodius. Kwao ni ufukweni, chini ya Muleba, kijiji ambacho kina ghuba ndogo iliyoingia ndani kama kiganja. Shule ya msingi ilikuwa upande wa pili wa ghuba. Kwa miguu unazunguka hadi jua linakuwa kali. Kwa kukata maji, unafika kabla kengele haijalia.

Evodius alikata maji. Kila siku ya shule, kwenda na kurudi.

Shati na kaptula alivifunga kwenye jani la mgomba na kuvitia kichwani, akafunga kwa kamba chini ya kidevu. Mwalimu wao alikuwa anamchapa mwenye shati lenye unyevu, kwa hiyo kichwa kilipaswa kutulia. Mikono inavuta, miguu inapiga, lakini kichwa kimetulia kama mtu aliyeketi misa ya kwanza.

Alivyokuja Bukoba kusoma sekondari alikuja na mwogeleo ule ule. Hakuna jani kichwani tena, lakini kichwa bado hakitikisiki. Tulipomwona mara ya kwanza tulicheka. Halafu tukanyamaza, maana wakati sisi tunacheka yeye alikuwa ameshazunguka boya na anarudi.

Mimi? Mimi kuogelea sijui mpaka leo. Nimezaliwa mita chache kutoka ziwa kubwa kuliko yote Afrika na maji yangu yanaishia magotini. Kazi yangu ilikuwa kukaa gatini na kulinda nguo za Evodius. Niliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Tulipendana mno. Tukiwa form two tulifanya omukago.

Kwa asiyejua: tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana kifua kwa kifua. Wawili wanaotaka kuwa ndugu wanagawana punje za tunda moja. Kila mmoja anajichanja kidogo tumboni, anapaka punje yake damu, kisha wanabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo huyo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Humsemi vibaya, humshitaki, humtaji kwenye ubaya hata ukiwa na haki. Mapadre hawakutaka hata kuusikia, kwa hiyo tulifanyia nyuma ya jiko la shule, mchana kweupe, kwa wembe wa kunyolea.

Mimi nilijichanja kidogo sana hadi Evodius akaniuliza kama nimechanja au nimejikuna.

Lakini damu ilitoka. Naapa ilitoka. Na kuanzia siku ile aliniita munywani, ndivyo Wahaya wanavyoitana waliokunywa undugu.

Sasa kuhusu sifa zake.

Mwaka ule tulipopata Uhuru kulikuwa na sherehe hapa mjini: ngoma, gwaride, kukimbia na gunia, na mashindano ya kuogelea kutoka gatini hadi boyani na kurudi. Evodius bado kijana mdogo, akawashinda watu wazima. Mwaka uliofuata akashinda tena, na uliofuata tena. Ikafika mahali watu hawaulizi nani atashinda, wanauliza atawaacha kwa urefu gani.

Mabinti ambao kwao kulikuwa na bomba uani walianza kuonekana ziwani na ndoo. Mimi mlinzi wa nguo nikapata salamu nyingi ambazo hazikuwa zangu.

Jina lilikua. Wazee wa ufukweni Muleba wakisikia mtu anajisifu walimuuliza: wewe ni Evodius?

Tukamaliza shule. Yeye alirudi kwao kusaidia shamba la migomba na kahawa, lakini kila wiki alikuja mjini kufanya mazoezi gatini. Mimi nikapata ukarani ofisi moja ya serikali. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, na kuzipeleka kwa wahusika. Kazi ya kukaa. Ilinifaa kuliko mtu yeyote katika historia ya utumishi.

Baada ya Azimio la Arusha, siasa ya kujitegemea imepamba moto, ikaja habari kwamba taifa linatafuta waogeleaji wa kupeleka mashindano ya nje. Mkoa wetu wakati ule unaitwa Ziwa Magharibi. Tukaletewa mtu kutoka Dar aje apime vijana. Tulimwita Bwana Kocha. Mtu wa pwani, mpole, safi, kaptula imepigwa pasi, daftari kwapani. Alikuwa amesomea kuogelea Ulaya. Sisi hatukujua kuogelea kunasomewa.

Kwa kuwa nilijua Kiingereza na hesabu, nikateuliwa kuwa time keeper. Bwana Kocha alikuwa na saa mbili za kubonyeza. Moja akashika mwenyewe, nyingine akanivika shingoni. Wakuu, sijawahi kuwa mtu muhimu kama siku ile. Nilitembea gatini taratibu ili watu waione.

Juma moja kabla ya hapo Evodius alikuja ofisini kwangu. Alikaa juu ya meza yangu, jambo ambalo hakuna mwingine aliruhusiwa kulifanya, akaniambia akichaguliwa atakaa Dar kambini, na huenda wasimrudishe, wampe kazi hukohuko. Akaniambia nijiandae kuhama naye. Makarani wanahitajika kila mahali, munywani. Tutapanga chumba kimoja.

Nikacheka. Nikamwambia Dar kuna joto na watu hawali ndizi.

Alipoondoka sikuwa nacheka. Nilikaa nikaangalia ule muhuri wangu. Nikaona Bukoba isiyo na Evodius, Jumamosi isiyo na nguo za kulinda. Na nikaona Dar yenye mimi ndani yake. Vyote viwili vikanitia ubaridi.

Sikumwambia mtu.

Siku ya kupimwa ikafika. Gati limejaa. Walikuja vijana saba, na mmoja kutoka Mwanza ambaye alikuwa na chupi maalumu ya kuogelea, sisi tukamwonea wivu kwa chupi kabla hata hajaingia majini.

Kabla ya Evodius kushuka nikampa kahawa ya bibi yangu, kama nilivyompa kabla ya kila shindano.

Hapa nitulie kidogo kwa ajili ya wasio wa huku. Hii si kahawa ya kunywa. Ni matunda ya kahawa yanayochumwa kabla hayajaiva vizuri, yanachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yanakaushwa. Unatia mdomoni mbili tatu, unatafuna taratibu. Mgeni akifika nyumbani, kabla hujamuuliza habari za safari, unamletea kwenye kikapu kidogo. Usipomletea umemtukana.

Najua mtakuja na mambo ya caffeine. Wakuu, pale gatini siku ile kila shavu lilikuwa na kahawa. Waogeleaji wanatafuna, askari wanatafuna, mama wauza ndizi wanatafuna, katekista anatafuna. Hata yule wa Mwanza alishapewa na wenyeji wake. Aliyekuwa mdomo mtupu alikuwa Bwana Kocha peke yake.

Wakashuka. Kipenga kikalia.

Sitajaribu kueleza. Nitasema tu kwamba wengine walipokuwa wanapigana na maji, yeye alikuwa kama anayapangua, kama mtu anayefungua mapazia. Kichwa kimetulia. Akagusa ubao wa gati, akageuka kuwatazama wenzake, na ilibidi atazame mbali.

Bwana Kocha akaangalia saa yake. Akaangalia yangu. Akaniuliza kama nilibonyeza kwa wakati. Nikamwambia mimi ni form four.

Saa zote mbili zilisema kitu kimoja.

Akaandika muda ule kwenye kipande cha karatasi, akanipa nikakitia sahihi kama shahidi, na nakala yake yenye sahihi ileile nikaweka mfukoni. Akawa anatingisha kichwa. Alifurahi, nilimwona. Akasema hajawahi kuona mtu asiyefundishwa akaogelea hivi. Halafu akamwona Evodius anatema maganda ya kahawa majini.

Akauliza, anakula nini yule?

Sasa ndugu zangu, hapo nilikuwa na saa shingoni, watu wamenizunguka, na nina mgeni. Kwa adabu za kwetu nikatoa kifurushi changu cha jani la mgomba nikamkaribisha atafune. Akaangalia vile vitu vyeusi, akarudi hatua nyuma, akauliza ni dawa?

Jibu la kweli lilikuwa neno moja. Kahawa.

Lakini mimi ni mtani, na watu walikuwa wanasubiri. Nikasema kwa sauti:

"Bwana Kocha, siri yote ipo kwenye haya majani ya bibi yangu. Bila haya, yule hawezi kuvuka hata beseni."

Gati zima likacheka. Katekista alicheka hadi akashika nguzo. Evodius mwenyewe, akiwa bado majini, alicheka.

Bwana Kocha hakucheka. Alifungua daftari.

Mpaka hapo wakuu, ningeweza kusamehewa. Utani ni utani, na mtu wa pwani hakujua desturi zetu. Kama mambo yangeishia pale nisingeandika uzi.

Mchana ule ule akaniita ofisini, akafunga mlango. Akaniambia ananiuliza kama mtu msomi, bila mzaha. Kuna mabingwa huko nje wamevuliwa ushindi kwa sababu ya dawa, na yeye hawezi kupeleka mtu akaja kulitia taifa changa aibu. Akaniuliza: yale majani ni nini? Bibi anaweka nini humo?

Nilijua yale majani. Nilitumwa kuyachuma tangu nina miaka mitano. Yanaota nyuma ya nyumba, mbuzi wanayala.

Ningemwambia twende kwa bibi, ni mwendo wa dakika chache, ukayaone na kuyanusa. Ningemwambia wote walitafuna, akawaulize.

Nikaona ile meza yangu. Nikaona Evodius ameikalia ananiambia nijiandae kuhama.

Nikasema, "Mimi, Bwana Kocha, sijui bibi anachanganya nini."

Ndivyo nilivyosema. Maneno machache, kwa sauti ya chini. Mimi ambaye maisha yangu yote sijawahi kusema kitu kwa sauti ya chini.

Bwana Kocha akanishukuru kwa ukweli wangu.

Akaondoka na yule wa Mwanza.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Na barua zote zinapita kwa nani? Kwa mimi. Nikaifungua. Ilisema kijana Evodius hakuchaguliwa kwa kuwa imethibitika anatumia vitu visivyoeleweka kabla ya kuogelea, na kama mkoa una maelezo mengine uyatume kwa maandishi.

Someni tena hapo mwisho. Kama mkoa una maelezo mengine. Mlango haukufungwa. Kalamu ninayo, karatasi ninayo, mashine ya kuchapa ipo mbele yangu.

Nikachukua muhuri nikagonga IMEPOKELEWA. Nikaipeleka kwa mhusika.

Mhusika alikuwa na mambo mengi, wakati ule kila siku kulikuwa na mkutano wa vijiji. Akaifungia kwenye faili. Lakini alikuwa amesoma, akamsimulia mkewe, na mke akamsimulia mji.

Sasa mtaona jinsi jina linavyooza. Mwezi wa kwanza watu walisema alitumia dawa siku ile. Mwezi wa pili wakasema alikuwa anatumia siku zote. Kufika mwisho wa mwaka, watu walewale waliombeba mabegani siku ya Uhuru walikuwa wanasema wao walishangaa tangu mwanzo, mtu gani anaogelea bila kutikisa kichwa? Ile tabia ya jani la mgomba na shati la shule, kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, ikawa ndiyo ushahidi wa uchawi.

Hata ushindi wa utotoni wakaufuta. Ndiyo maana mkuu ulivyoandika vile nilishtuka.

Wakampa jina, Bingwa wa Majani. Akipita sokoni wanajifanya wanatafuna.

Yeye alikuja mjini mara chache tu baada ya hapo. Alikuja gatini, hakuvua nguo. Tulikaa pamoja, mimi nikiongea sana. Mara mbili tatu alinigeukia kama anayengoja niseme kitu. Nikasema habari za mvua.

Halafu wakaanza kuandikisha watu wa kwenda vijiji vya ujamaa, kufungua mashamba mapya. Wengi walikuwa wanasukumwa. Evodius alijiandikisha mwenyewe. Akachagua Ngenge.

Kwa asiyejua jiografia yetu, Ngenge ni Muleba hiyohiyo, lakini ni bara huko ndani, upande wa pili kabisa. Ukisimama Ngenge huoni ziwa, husikii ziwa, hunusi ziwa. Ni mashamba tu.

Mimi nilibaki. Nilipata nilichotaka, sikuhama Bukoba. Jumamosi nikawa nakaa gatini peke yangu bila nguo za mtu.

Ilinichukua miaka. Nilioa, nikapata watoto. Nilikuwa najiambia Ngenge ni mbali, ngoja barabara ikauke. Barabara ilikauka mara nyingi.

Siku moja mke wangu akaniambia nimekuwa nikiongea usingizini kuhusu majani. Nikapanda basi.

Hadi Muleba ni safari ya kawaida kwa watu, kwangu ilikuwa kama kwenda Misri. Pale Muleba nikapata lori la kijiji, nikakaa juu ya magunia ya mbegu, nikafika Ngenge nimejaa vumbi kiasi kwamba Evodius alinitambua kwa sauti tu.

Alikuwa shambani. Amekuwa mtu mzima, mabega bado yaleyale. Akanikaribisha ndani. Mke wake, mama mmoja mcheshi aliyetokea upande wa Biharamulo, akaleta kahawa kwenye kikapu kidogo, akaweka katikati yetu, akaenda zake kuchota maji.

Nikachukua mbili. Yeye hakuchukua. Nikamsogezea kikapu, akakirudisha kwa kidole.

Mhaya asiyetafuna kahawa. Nikajua tangu lini, bila kuuliza.

Akaanza yeye. "Umekuja kusema ile habari ya majani."

"Ulijua?"

"Ule utani niliusikia nikiwa majini. Na Bwana Kocha alinieleza kabla hajapanda meli. Kwamba hata rafiki yangu msomi hajui kilichomo."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukumjibu? Kwa nini hukumwambia ni kahawa tu, hukumpeleka kwa bibi?

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ningemjibu nini, munywani? Ningesema wewe ni mwongo, nimekutaja. Ningenyamaza, nimekubali. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe. Barua ilipokuja nikasema sasa ataijibu, si anakaa na mashine ya kuchapa? Nikangoja. Halafu nikachoka kungoja karibu na maji."

Mnaelewa wakuu? Tulimeza punje mbili za tunda moja. Yeye yake ilimfunga mdomo kwa sababu aliiheshimu. Mimi yangu nilishaisahau tumboni.

Nikamwambia ukweli wa mwisho, ambao hakuujua. Kwamba sikutaka aondoke.

Hapo akacheka, kicheko kilekile cha gatini.

"Na nikaondoka," akasema.

Nilitaka kuandika barua Dar nilivyorudi. Nikaiandika kweli. Bwana Kocha alikuwa ameshahama kazi, ofisi ile imebadilishwa jina, barua ikarudi kwangu. Nikaigonga muhuri kwa mazoea.

Tuliendelea kutembeleana. Niseme vizuri, mimi niliendelea kumtembelea. Kila mwaka nilikwenda Ngenge, mimi mwenye makalio ya kiti. Nilimpelekea senene, alinifungia maharage. Tulitaniana kama zamani. Majirani zake wakanizoea, wakawa wakiniona tu kwenye lori wanaanza kucheka kabla sijasema kitu. Kuhusu kuogelea hatukuongea tena, yeye hakutaka. Mimi nilikuwa najiambia ipo siku nitasema mbele za watu.

Siku hiyo ilikuja akiwa kwenye jeneza.

Msibani wakasoma wasifu wa marehemu. Mkulima hodari. Mjumbe wa kamati ya kijiji tangu mwanzo wa ujamaa. Baba, babu, mwanakwaya. Wakamaliza wakakunja karatasi. Hakuna tone la maji humo.

Wakauliza kama kuna rafiki mwenye neno.

Nikasimama. Nikasema, waitu, ndugu zangu, huyu mnayemzika alikuwa mwogeleaji bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na alikuwa aende kuliwakilisha taifa, na aliyemzuia ni mimi kwa uongo wa majani ya bibi yangu.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Halafu wa pili. Halafu waombolezaji wote, kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na machozi. Mzee mmoja aliyenifahamu akanishika bega akasema, "Wewe bwana, hata leo? Mwogeleaji, hapa Ngenge?" Wakanishukuru kwa kuwachangamsha. Mwenyekiti wa msiba akasema marehemu angefurahi.

Nikakaa.

Wakuu, maisha yangu yote nimetaka watu wacheke nikiongea. Nikafanikiwa.

Aliyekuwa hacheki ni mjane. Baada ya maziko, watu wanatawanyika, akanifuata pembeni nilipokuwa nangoja lori. Akanitazama sana.

"Shemeji," akaniambia, "kweli marehemu alikuwa anajua kuogelea?"

Wameishi nyumba moja miaka yote ile. Hakuwahi kumwambia.

Nikatoa kile kipande cha karatasi cha gatini. Nilikuwa nimekitembeza mfukoni, kimegeuka laini kama kitambaa. Nikamwonyesha muda, nikamwonyesha sahihi yangu ya ushahidi. Nikamweleza habari ya ghuba na shule na shati kwenye jani la mgomba. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sasa ameelewa kwa nini akibeba kuni kichwani alikuwa hashiki kwa mkono.

Karatasi nikamwachia. Muda ule siuandiki hapa, maana nawajua, mtaanza kuulinganisha na wa Olimpiki na kuniambia nilichelewa kubonyeza.

Nilichojifunza ni hiki. Jina la bingwa halivunjwi na adui yake peke yake. Mara nyingi anayelivunja ni mtu wa karibu aliyejua ukweli na akaona kusema ni usumbufu. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu wa dawa humu, jiulize ni nani alikuwa ameshika saa, na kama huyo mtu alikuwa na sababu zake za kunyamaza.

Karibuni mchangie. Nisemeni mnavyotaka, nimeshazeeka, hayanipunguzii kitu.

Ila nina ombi moja. Kama wewe ni wa Bukoba au Muleba na una babu au bibi aliyekuwepo gatini siku ile, muulize kama anamkumbuka kijana aliyekuwa anaogelea kichwa kimetulia. Kisha uje uandike hapa alichokuambia.

Mimi nikisema peke yangu, watu wanacheka.